Saa Tano za Kungoja Kilindoni

Msafiri wa zamani hakuona ajabu kungoja. Aliyetaka kuvuka kutoka Kilwa kwenda Unguja alingoja upepo, na kama upepo haukuja leo alingoja kesho. Majahazi yaliyoletwa na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi yaliingia katika bandari zetu kati ya Desemba na Machi, wala hayakuweza kurejea kwao mpaka upepo wa kusi uanze kuvuma. Kwa miezi hiyo yote mabaharia walikaa. Waliuza na kununua, wengine walioa, wakajifunza habari za mji uliowapokea na mji ukajifunza habari zao. Kwa hiyo si kosa kusema kwamba sehemu kubwa ya utamaduni wa pwani yetu ilitokana na watu waliokuwa wakingoja.

Msafiri wa leo ni kinyume cha huyo. Akiambiwa kwamba ndege yake imechelewa kwa saa tano hujiona kama mtu aliyenyang'anywa haki yake. Hukaa kitini, akainama juu ya simu yake, akanung'unika, na hatimaye akaondoka asijue hata jina la kijiji kilichokuwa ng'ambo ya uzio. Sisi nasi tulikuwa wasafiri wa namna hiyo. Katika makala haya twataka kusimulia habari ya saa tano tulizozipitisha katika mji wa Kilindoni, kisiwani Mafia, na deni ambalo saa hizo zilituachia.

Tulikuwa walimu wawili wa Kiswahili, tukirejea Dar es Salaam kutoka Kilwa Masoko. Kilwa tulikuwa tumekwenda kwa kazi ya jopo dogo la walimu, na kazi yenyewe hatuna budi kuieleza, maana ndiyo kiini cha habari hii. Baadhi ya shule zetu zilikuwa zikitumia faharasa ya zamani ya msamiati, iliyojaa maneno ambayo wanafunzi waliyalalamikia kwamba ni magumu. Jopo liliagizwa liipunguze. Tulijiwekea kanuni moja: neno ambalo mwanafunzi hawezi kulisikia nyumbani, sokoni wala redioni, lifutwe. Kwa siku mbili tulikaa mezani na kalamu za wino mwekundu, tukafuta maneno 47. Kati ya hayo, 11 yalikuwa ya vyombo vya baharini: omo, tezi, ngama, mkuku, taruma, fashini, foromali, demani, joshi, kalafati na deheni. Mwenzetu, mzaliwa wa Tabora, ndiye aliyetoa hoja kwamba mtoto wa bara hana haja ya kujua viungo vya jahazi ambalo hajapata kuliona, nasi tuliiunga mkono hoja hiyo bila kusita. Orodha hiyo tuliifunga katika mkoba, tukapanda ndege.

Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya abiria wasiozidi kumi na wawili, na ilikuwa itue Mafia kwa dakika chache tu ili kupakia watu wengine. Ilipotua, rubani aliona hitilafu katika mtambo, naye kwa busara akakataa kuirusha tena. Tukaambiwa kwamba ndege nyingine itakuja kutuchukua saa nane mchana. Wakati huo ilikuwa saa tatu asubuhi, siku ya Jumamosi, mwezi wa Novemba, na mawingu ya vuli yalikuwa yametanda upande wa bahari.

Abiria walifanya kama wafanyavyo abiria. Mmoja aligomba, mwingine alilala, na wengine walitafuta mahali pa kuchomeka waya za simu zao. Sisi tulitoa madaftari ya wanafunzi ili tusahihishe, lakini moyo haukutulia. Mama mmoja aliyekuwa akifagia ukumbi alitutazama kwa muda, kisha akasema, "Mji uko hapo tu, wanangu. Mtakaa hapa mpaka saa nane mkiangalia ukuta?" Tulimwuliza kama kuna kitu cha kuona. Akajibu, "Kuna watu."

Jibu hilo lilitutia haya. Tuliuliza mambo matatu ambayo msafiri yeyote yafaa ayaulize kabla ya kuondoka kiwanjani: saa ya mwisho ya kurejea, mahali salama pa kuacha mizigo, na njia ya kwenda na kurudi. Tulipata majibu, tukaacha mizigo, ila mkoba wa karatasi tuliuchukua begani, tukatoka.

Kiwanja cha Mafia hakiko mbali na watu. Njia yake ya kurukia ndege ilitiwa lami katika miaka ya 2010, na mtu akivuka uzio huwa tayari amefika mjini. Barabara ilipita kati ya minazi. Mafia ni nchi ya minazi tangu zamani, na hapo hakuna sehemu ya mti huo inayotupwa. Makuti huezekea nyumba, mbata hukamuliwa mafuta, vifuu huwashwa moto au huwa kata za kutekea maji, na makumbi huwa kamba. Sokoni tulikuta pweza waliokaushwa wakining'inia, samaki wabichi juu ya meza za mbao, na mafungu ya nazi chini ya mwembe. Penye baraza moja tulinunua kahawa na kashata, tukawasalimu wazee waliokuwa wakicheza bao. Hatukuuliza lolote mpaka mchezo ulipokwisha, maana mgeni anayekatiza bao la watu hujibiwa kwa mkato.

Mchezo ulipokwisha, mzee mmoja alitueleza jina la mji. Kilindi, alisema, ni mahali penye maji ya kina, na Kilindoni ni mahali pa kilindi. Watawala wa Kijerumani walikuwa na makao yao katika kisiwa cha Chole, upande wa mashariki, lakini mwaka 1913 waliyahamishia Kilindoni kwa sababu meli zao zilihitaji maji ya kina. Sisi ambao tumewafundisha watoto habari za viambishi vya mahali kwa miaka mingi hatukuwa tumefikiri kwamba jina lile linajieleza lenyewe. Kiambishi tulichokiandika ubaoni mara elfu kilikuwa kimekaa pale kikitungoja.

Mzee yule alinyosha mkono kuelekea magharibi. Ng'ambo ya maji yale, alisema, ndiko Rufiji inakomwagia. Tulifahamu kwa nini alituonyesha. Katika Vita Kuu ya Kwanza manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg, baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza ya Pegasus katika maji ya Unguja mwezi Septemba 1914, ilijificha katika mikono ya mto Rufiji kati ya mikoko. Waingereza waliiteka Mafia mwezi Januari 1915 wakaifanya kituo chao. Waliandaa kisiwani uwanja wa ndege, na ndege zao ziliruka kutoka hapo kwenda kuitafuta manowari hiyo na kuelekeza mizinga, mpaka ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Kwa hiyo ndege zilifika Mafia mapema kuliko zilivyofika katika miji mikubwa mingi ya bara letu. Ila hazikuja kwa ajili ya watu wa Mafia. Vita hiyo wenyeji waliitazama kutoka chini ya minazi yao, wakabaki kuhesabu hasara yao wenyewe. Jambo hili tulikuwa tukilijua kwa kulisoma; lakini kulijua kitabuni ni jambo moja, na kusimama ufukweni ukiona umbali wenyewe kwa macho ni jambo jingine.

Tuliteremka pwani. Njiani tulimkuta bibi mmoja amekaa mkekani akisokota kamba. Alitufahamisha kwamba makumbi hufukiwa katika tope la pwani kwa miezi mingi mpaka yaoze, kisha hufukuliwa, hupondwa, na nyuzi zake, yaani usumba, husafishwa na kusokotwa. Tulipomtazama tulikumbuka mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu, ambacho mbao zake hazikupigwa msumari hata mmoja bali zilishonwa kwa kamba kama hizo, na tanga lake lilikuwa jamvi lililosukwa. Mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Kristo alitaja vyombo vilivyoshonwa katika pwani hii, na akataja kisiwa ambacho wataalamu wengine hukidhania kuwa Mafia na wengine Unguja au Pemba. Mtepe uliacha kuundwa katika karne ya 20. Lakini vidole vya bibi yule vilikuwa vikifanya kazi ile ile, na yeye hakuiita kazi ya kale. Aliiita kazi ya leo, maana ndiyo iliyokuwa imnunulie mchele wa jioni.

Mbele kidogo, juu ya mchanga, palikuwa na jahazi likiundwa. Lilikuwa limeegemezwa kwa magogo, mbao zake za ubavuni zikiwa bado hazijafika juu. Mzee mmoja aliyeshika tezo alikuwa akichonga mti uliopindika, na kijana mmoja alikuwa akitoboa matundu kwa kekee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibuni, wageni wa ndege."

Tulimwuliza amejuaje kwamba sisi ni wageni wa ndege. Akatazama miguu yetu, akasema, "Viatu vyenu havijaingia mchanga."

Alitukaribisha tuketi juu ya gogo, naye hakuacha kazi yake. Tulimwuliza ramani ya chombo iko wapi, akacheka kwa upole. Hakuna karatasi, alisema. Kipimo ni jicho na uzi. Kwanza hulazwa mkuku, ambao ni uti wa mgongo wa chombo. Kisha husimamishwa fashini, halafu hufuata mbao na mataruma, ambayo ni mbavu. Taruma haikatwi kutoka ubao ulionyoka, kwa sababu mti uliolazimishwa kupinda huvunjika siku ya dhoruba. Fundi huingia msituni kutafuta tawi lililokua likiwa limepindika lenyewe kwa kadiri anayoitaka. Mbao zikisha kupigwa, mianya yake huzibwa kwa pamba iliyolowekwa mafuta, na kazi hiyo ndiyo kutia kalafati. Mwisho chombo hupakwa deheni chini ili mdudu wa baharini asile mti. Katika maneno machache aliyoyasema mzee yule akiwa anachonga, tuliyasikia maneno matano kati ya 11 tuliyoyafuta. Tulitazamana na mwenzetu, tukanyamaza.

Kisha aliuliza kazi yetu. Tulipomjibu kwamba sisi ni walimu wa Kiswahili, aliweka tezo chini kwa mara ya kwanza. "Basi leo nimepata watu," akasema. Alimwita kijana mwenye kekee, ambaye alikuwa mjukuu wake, mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekuja kumsaidia siku ya mapumziko. "Lete lile daftari lako uwaonyeshe walimu."

Kijana alisita, akaenda, akarudi na daftari lililofungwa katika mfuko wa nailoni. Lilikuwa na insha yenye kichwa "Kazi ya Babu Yangu". Mahali pamoja kijana alikuwa ameandika kwamba maji yakijaa ngamani, mabaharia huyafua. Neno "ngamani" lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu. Neno "huyafua" lilikuwa limekatwa vilevile, na juu yake limeandikwa "huyatoa". Pembeni palikuwa na maneno haya: Tumia Kiswahili sanifu.

"Sasa niambieni," akasema mzee, "ngama si Kiswahili?"

Hatukuwa na pa kuyaelekeza macho. Mkoba wetu ulikuwa begani, na ndani yake neno lile lile lilikuwa limekatwa kwa wino wa rangi ile ile. Mwenzetu ndiye aliyepata sauti kwanza. Akasema, "Ni Kiswahili, mzee."

"Kosa la mtoto ni lipi, basi?"

Tulijaribu kumweleza kwamba lugha ya shule ina mipaka yake, kwamba mwalimu hutaka maneno yanayofahamika na wote, na kwamba huenda mwalimu yule alitoka mbali na bahari. Mzee alisikiliza kwa adabu mpaka tukamaliza. Kisha akauliza kama methali tunafundisha. Tukasema naam, tunafundisha. "Mwenda tezi na omo?" akaanza, nasi tukamalizia kwa pamoja kama watoto darasani: "Marejeo ngamani."

"Vema. Nionyesheni ngama ya chombo hiki."

Mwenzetu alionyesha upande wa mbele. Sisi tulionyesha upande wa nyuma. Mzee hakucheka, kijana aligeuza uso akajifanya anatafuta msumari. Kwa miaka isiyopungua kumi na minane tumeifundisha methali hiyo. Tumeitungia maswali ya mtihani. Tumewapa alama wanafunzi waliotuandikia kwamba maana yake ni kuwa mtu, hata atembee vipi, mwisho atarejea kwao. Na siku hiyo, tukiwa tumesimama mbele ya chombo chenyewe, hatukuweza kuonyesha tezi, wala omo, wala ngama.

Mzee alitupandisha juu kwa ngazi. Akatuonyesha omo, upande wa mbele, anakokaa mtu wa kuangalia mwamba na kina. Akatuonyesha tezi, upande wa nyuma, kwenye usukani, anakokaa nahodha. Kisha akatuteremsha chini kabisa ndani ya chombo, mahali ambapo mbao za pande mbili hukutana juu ya mkuku. Chombo cha mbao, alisema, hata kikiundwa na fundi wa namna gani, huvuja kidogo. Maji hayo hayakai omo wala tezi, huteremkia ngamani. Ndipo yanapofuliwa. Basi baharia aweza kutembea chombo kizima, akaenda mbele kujionyesha na nyuma kuzungumza na wakubwa, lakini zamu yake ikifika hana budi kuteremka ngamani kufua maji. Asipoteremka yeye na wenziwe, wote wanazama, wa tezi na wa omo.

Hatusemi kwamba maana tuliyokuwa tukiifundisha ilikuwa ya uongo. Mtu hurejea asili yake. Ndivyo methali inavyotumika na ndivyo itakavyoendelea kutumika. Lakini tulikuwa tumewapa wanafunzi wetu jibu bila kuwapa chombo. Mwanafunzi aliyeona ngama haambiwi tu kwamba atarejea; anajua anarejea kufanya nini. Anarejea kufua maji. Methali iliyokuwa wosia juu ya wajibu tuliifanya kuwa tahadhari juu ya safari, kwa sababu tu hatukujua maji hukusanyika wapi.

Ilikwisha kuwa saa saba na nusu. Tulisikia ndege kwa mbali, na kijana akasema, "Rubani kaja." Mzee akatabasamu. "Na huyo rubani pia mmemchukua kwetu," akasema. Tulipomtaka atueleze, alisema kwamba zamani rubani alikuwa mtu wa baharini, mwenye kuijua miamba na mikondo, ambaye aliongoza vyombo vya wageni mpaka bandarini. Alisema kweli. Na si rubani peke yake. Usukani wa gari ulitoka katika jahazi. Nahodha, ambaye leo huongoza timu ya mpira uwanjani hata katika miji isiyoonja harufu ya chumvi, alitoka katika jahazi. Shehena inayopakiwa katika magari makubwa iendayo Kigoma ilikuwa kwanza shehena ya chombo. Mwenzetu aliyesema kwamba mtoto wa Tabora hahitaji maneno ya bahari alikuwa ameletwa Mafia na rubani, na angepokewa Dar es Salaam na dereva aliyeshika usukani. Tulimwona akitafakari, na hakutaka kuambiwa.

Lilibaki jambo la daftari. Kijana alilishika wazi mbele yetu, na babu yake alikuwa akingoja. Tulikuwa na kalamu. Lilikuwa jambo rahisi kuandika chini ya ule mstari mwekundu kwamba neno ni sahihi, nao wangefurahi. Lakini mwalimu hasahihishi daftari la mwanafunzi wa mwenziwe bila mwenziwe kujua, na kumvunjia heshima mbele ya mwanafunzi mtu ambaye hayupo kujitetea si uungwana. Zaidi ya hayo, kosa lake lilikuwa letu. Yeye alikata neno moja katika daftari moja. Sisi tulikata 11 kwa ajili ya shule nyingi. Kwa hiyo tulichana karatasi katika daftari letu, tukamwandikia mwalimu yule barua fupi ya heshima. Tulimweleza kwamba tumefika kazini kwa mzee, kwamba tumeonyeshwa ngama, na kwamba sisi pia tulikuwa tumelikata neno hilo kwa kutolijua. Tukamwomba, kama atapata nafasi, alilete darasa pwani siku moja. Barua tulimkabidhi kijana bila kuifunga, ili babu yake aisikie ikisomwa. Aliposomewa alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mmefua maji," akachukua tezo lake.

Tulifika kiwanjani tukitweta, dakika chache kabla ya majina kuitwa. Wenzetu walikuwa mahali pale pale tulipowaacha, na mmoja alitwambia kwamba katika maisha yake hajapata kupoteza siku namna ile. Mama wa ufagio alikuwa mlangoni. Alitazama viatu vyetu vilivyojaa mchanga, akasema, "Naona mmewakuta."

Ndani ya ndege tulitoa orodha. Wino ukisha kukauka haufutiki, na kalamu nyingine hatukuwa nayo. Kwa hiyo tuliandika pembeni ya kila neno, kwa wino huo huo mwekundu, maelezo ya yale tuliyoyaona: taruma ni nini na hupatikana wapi, ngama iko wapi na kwa nini. Mwenzetu alichora jahazi zima kwa mkono wake juu ya bahasha, akaonyesha kila neno mahali pake. Mchoro ule haukuwa mzuri, lakini mtoto wa Tabora angeuelewa. Tulipofika nyumbani tulifungua kamusi na kulikuta neno ngama, likiwa na maana ile ile aliyotuonyesha fundi. Lilikuwa humo siku zote. Sisi ndio tuliokuwa hatujateremka.

Jopo lilipokutana tena tulieleza yaliyotupata na kuuweka mchoro mezani. Hatukupata kila tulichotaka. Wenzetu walisema kwa haki kwamba faharasa haiwezi kubeba maneno yote ya nchi, na kwamba mkulima, mfugaji na mfua chuma wana haki sawa na ya baharia. Katika maneno 47, maneno 19 yalirudishwa, na kati ya yale 11 ya baharini yalirudi 7, pamoja na mchoro. Foromali, demani, joshi na fashini yalibaki yamefutwa. Tulikubali. Lakini kanuni yenyewe ilibadilishwa, na hilo ndilo tulilolithamini zaidi. Badala ya kuuliza kama mwanafunzi hulisikia neno sokoni, jopo liliamua kuuliza kwanza kama yupo mtu katika nchi hii ambaye bado anafanyia kazi neno hilo. Na kama yupo, mwalimu amtafute kabla ya kushika kalamu nyekundu.

Utamaduni wa taifa huzungumzwa sana katika kumbi, na si vibaya. Nchi yetu iliunda wizara ya kuushughulikia mwaka 1962, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaanzishwa mwaka 1967. Lakini utamaduni haukai katika ukumbi, kama maji yasivyokaa tezi wala omo. Hukaa chini, katika kazi za watu wanaoamka alfajiri: katika vidole vya msokota kamba, katika jicho la fundi anayetafuta tawi lililopindika, katika daftari la mtoto aliyeandika neno la babu yake kwa imani kwamba mwalimu atalijua. Mtoto huyo akikatiwa neno mara moja, atalificha. Akikatiwa mara tatu, ataliacha. Na neno likiachwa na mtoto, babu halina wa kumwachia.

Kwa hiyo twawaomba walimu wenzetu na wanafunzi watakaosoma makala haya. Safari zetu zitazidi kuwa za haraka, na hitilafu za mitambo hazitakwisha. Siku utakayoshushwa katika mji mdogo usioujua, uliza saa ya kurejea, weka mzigo wako mahali salama, kisha toka. Salimu kabla ya kuuliza. Usiulize kuna nini cha kuona. Uliza watu wa hapo wanafanya kazi gani, na kila chombo cha kazi hiyo wanakiitaje. Andika unayoambiwa kama ulivyoambiwa. Na kama una kalamu nyekundu mfukoni, iache humo mpaka uwe umeonyeshwa.